Mifupa ndiyo ghala la mwili: Historia ya njaa isiyopiga kelele Ngara na Biharamulo

Mtu akitaka kuandika historia ya Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hatakosa misiba ya kuandika. Ataandika juu ya sotoka iliyofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890. Ataandika juu ya malale yaliyowatoa watu katika makazi yao wakati wa utawala wa Waingereza. Na hapana budi ataandika juu ya siku zile za mwisho wa Aprili 1994, ambapo watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama saa 24. Misiba hiyo yote ina majina, ina tarehe, na ina mashahidi.

Leo nataka tuzungumzie msiba usio na jina wala tarehe. Ni njaa ya madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu. Njaa hii haikupigiwa ngoma, wala hakuna aliyeitangazia mbiu ya mgambo, kwa sababu mwili wa binadamu una namna yake ya kuificha. Mtu aweza kuishi nayo miaka 30 asijue. Kwa hiyo, kabla hatujaingia katika historia ya watu wa Ngara na Biharamulo, yafaa kwanza tuelewe jinsi mwili unavyoitunza kalsiamu.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja. Ukiigawa kilo hiyo mafungu 100, mafungu 99 yamo ndani ya mifupa na meno. Fungu moja tu ndilo lililomo katika damu, misuli na viungo vingine. Mtu anaweza kudhani fungu hilo moja ni masazo. Kumbe ndilo linaloendesha shughuli zote. Bila hilo moyo haupigi, misuli haikunjuki, mishipa ya fahamu haipeleki habari sawasawa, na damu ya jeraha haigandi. Ndiyo maana mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ipande au ishuke ovyo. Katika kila mililita 100 za maji ya damu hukaa miligramu 10 hivi, leo, kesho na keshokutwa, awe mtu ameshiba maziwa au amelala njaa.

Mlinzi wa kiasi hicho yuko shingoni. Nyuma ya ile tezi inayovimba mtu anapopata rovu kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Huitwa tezi za paratiroidi. Kazi yake ni kama ya mtunza ghala. Kalsiamu ya damu ikipungua kidogo tu, tezi hizo humwaga homoni yenye amri tatu. Amri ya kwanza huenda kwenye mifupa: toeni akiba. Amri ya pili huenda kwenye figo: msiimwage kalsiamu pamoja na mkojo. Amri ya tatu huenda kwenye figo hizohizo: ikamilisheni vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ili ifungue mlango wa utumbo na kuingiza kalsiamu iliyomo katika chakula. Damu ikisharudi kwenye kiwango chake, tezi hunyamaza.

Sasa angalieni linalofuata. Kama chakula hakina kalsiamu ya kutosha, utumbo hauna cha kuingiza hata mlango wake ukiwa wazi. Figo nazo haziwezi kurudisha kilichokwisha kutoka. Inabaki amri ile ya kwanza, na mifupa hulipa deni. Hulipa leo, hulipa kesho, hulipa mwaka mzima. Ukipima damu ya mtu wa namna hiyo, mara nyingi utakuta kalsiamu yake iko sawasawa. Ni kama kaya inayokula vizuri kwa kuuza mbegu iliyowekwa akiba. Jirani akipita jioni ataona moshi jikoni na kusema hapa hakuna njaa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1852, baada ya kumpasua kifaru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London, Mwingereza Richard Owen alikuwa amekwisha kuona kitezi kidogo shingoni mwa mnyama huyo, lakini hakujua kazi yake. Mwaka 1880, Msweden Ivar Sandström, aliyeanza uchunguzi huo angali mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Uppsala, alieleza tezi hizo kwa binadamu. Nako London, katika miaka ya 1882 na 1883, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa kifuani na kuwekwa katika maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga vizuri, mpaka ilipogundulika kuwa maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, ambayo London yana chokaa nyingi. Alipotumia maji yaliyochujwa kabisa, moyo ulidhoofika na kusimama. Alipoongeza kalsiamu, ukapiga tena. Hivyo bomba la mjini likafundisha kile ambacho vitabu havikuwa nacho.

Wakati huohuo, huko Vienna, katika hospitali alikofanya kazi Profesa Theodor Billroth, madaktari walikuwa wakikata rovu. Baadhi ya wagonjwa, siku chache baada ya operesheni, walishikwa na ganzi midomoni na vidoleni, mikono ikajikunja, kisha mwili ukakakamaa kama wa mtu mwenye pepopunda. Wengine walikufa. Haikujulikana kwamba kisu kilikuwa kimeondoa mtunza ghala pamoja na rovu. Mwaka 1891 Mfaransa Eugène Gley alionyesha kwa kutumia wanyama kwamba kosa liko kwenye vile vitezi vidogo. Na mwaka 1909, William MacCallum na Carl Voegtlin wa Baltimore, Marekani, waliwadunga kalsiamu mbwa walioondolewa tezi hizo, na mkakamao ukakoma. Tangu hapo daktari mpasuaji wa rovu hujitahidi kuziacha tezi hizo mahali pake, na mgonjwa anayepata ganzi baada ya operesheni hupewa kalsiamu bila kuchelewa.

Mtunza ghala aweza kukosea kwa upande wa pili pia. Tezi moja ikivimba na kutoa homoni bila kipimo, mifupa humwaga kalsiamu hata pasipo haja. Damu hujaa, figo hufanya mawe, mifupa huuma na kuvunjika, choo hufunga na akili huchoka. Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari Felix Mandl alimpasua kondakta wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imelainika hata hawezi kusimama. Aliondoa tezi moja iliyovimba, na mgonjwa akapata nafuu, ingawa baadaye ugonjwa ulirudi. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyojua kwamba kuna watu wanaougua kwa kukosa amri ya ghala, na kuna wanaougua kwa kuzidishiwa.

Wafugaji wa Kagera wanaweza kuyaona haya kwa macho yao zizini. Ng'ombe wa kisasa mwenye maziwa mengi, siku ya kuzaa au kesho yake, huweza kulegea, masikio yakapoa, akalala na kukunjia shingo ubavuni asiweze kuinuka. Wataalamu wa mifugo huuita ugonjwa huo homa ya maziwa, ingawa mwili wa ng'ombe huyo hupoa badala ya kuchemka. Maziwa yameondoka na kalsiamu kwa kasi kuliko ghala linavyoweza kufunguliwa. Kabla ya mwaka 1925, ambapo Dryerre na Greig wa Edinburgh walithibitisha chanzo hicho, wafugaji wa Ulaya walikuwa wakipuliza hewa ndani ya kiwele ili maziwa yasitoke kwa wingi, na ng'ombe wengi waliamka. Siku hizi bwana mifugo hudunga dawa ya kalsiamu polepole katika mshipa, na mara nyingi ng'ombe husimama siku hiyohiyo.

Baada ya kuyaelewa hayo, sasa turudi Ngara na Biharamulo.

Mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant walipita katika nchi hii wakielekea kaskazini kutafuta chanzo cha mto Nile. Walipita Usui, ambayo ndiyo Rusubi ya Biharamulo, iliyokuwa chini ya Mtemi Suwarora, na huko walitozwa hongo mpaka wakachoka. Novemba mwaka huohuo wakafika Karagwe kwa Mtemi Rumanyika. Miongoni mwa mambo yaliyomshangaza Speke ni kuona wanawake wa nyumba ya kifalme wakinenepeshwa kwa kunyweshwa maziwa, hata wengine hawawezi kusimama. Aliwapima kwa utepe na kuandika vipimo vyao. Sisi leo twaweza kuudhika kwa kupimwa huko, lakini ushahidi wenyewe una faida: nchi hizi zilikuwa na maziwa tele.

Haina maana kwamba kila mtu aliyanywa. Ng'ombe wengi walikuwa mikononi mwa watawala na wafugaji, na mkulima wa kawaida aliyapata kwa utumishi, kwa mahari au kwa ujirani. Lakini mkulima naye alikuwa na ghala lake, nalo ni ulezi, ambao Kirundi huuita uburo. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Maziwa yana kama miligramu 120 kwa kipimo hichohicho. Mahindi hayafiki 10, na ndizi nazo ni hivyohivyo. Wataalamu wa chakula husema mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu aliyekula ugali wa ulezi na kunywa kibuyu kidogo cha maziwa alikaribia kipimo hicho bila kujua jina la kalsiamu. Mtu aliyeshiba ndizi au ugali wa mahindi peke yake hakuikaribia hata robo.

Sotoka ilifika katika maeneo yetu ya Afrika Mashariki mnamo mwaka 1890 na 1891, ikitokea pembe ya kaskazini. Oscar Baumann, aliyepita Umasai mwaka 1892, aliwakuta wafugaji waliobaki mifupa mitupu wakizunguka kutafuta chakula. Katika nchi za magharibi ya Ziwa Victoria nako ng'ombe walianguka kwa wingi sana. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza mfululizo wa mambo yaliyofuata: ng'ombe walipokufa na watu walipopungua, malisho na mashamba yaligeuka vichaka; vichaka vikaleta mbung'o; na mbung'o wakafunga njia ya ng'ombe kurudi. Pori lililopo kati ya Biharamulo na Ngara, ambalo wasafiri wengi walizoea kulivuka kwa wasiwasi, lina historia hiyo ndani yake. Sehemu kubwa ya pori hilo ikawa mapori ya akiba, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Waingereza walipopambana na malale, njia yao kubwa katika Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, ilikuwa kuwatoa watu porini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa. Njia hiyo iliokoa maisha ya wengi. Lakini mtu aliyehamishwa aliacha nyuma mashamba ya ulezi, miti ya matunda na mizinga yake, na akaanza upya kwa mazao yanayokomaa haraka na yasiyohitaji kazi nyingi. Muhogo ulihimizwa, na mara nyingi kwa amri, kama kinga ya njaa, na kweli ulizuia njaa ya tumbo. Ulezi unataka palizi ya mkono iliyo ngumu, unataka kulinda ndege, na kuuvuna ni suke kwa suke. Mahindi hayana usumbufu huo. Hivyo ulezi ukarudi nyuma mwaka hadi mwaka, ukabaki wa pombe, wa uji wa mzazi na wa sherehe.

Huko hakuna aliyepiga yowe. Matumbo yalishiba. Taarifa za serikali ziliandika kwamba wilaya ina chakula, na ilikuwa kweli. Mifupa ndiyo iliyolipa tofauti, na mifupa haina mdomo.

Kilichobaki upande wa ziwa ni dagaa. Chato na bandari ya Nyamirembe, ambazo zamani zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo na leo zimo katika Mkoa wa Geita, zilikuwa mlango wa dagaa kwenda bara. Samaki mkubwa huacha mifupa yake kwenye sahani. Dagaa huliwa na mifupa yake, na hapo ndipo siri ilipo: gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu. Kwa mkulima wa Ngara asiye na ng'ombe, konzi ya dagaa ndiyo iliyokuwa maziwa yake.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara hapo, iligeuka kuwa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania katika muda wa siku chache. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole na nyingine. Wananchi wa Ngara, ambao idadi yao ilizidiwa na wageni, waligawana nao kuni, maji na mashamba. Shirika la Chakula Duniani na wengine walileta posho: mahindi, maharage, mafuta ya kula, chumvi, na kwa watoto na wajawazito unga wa mahindi na soya ulioongezewa vitamini na madini. Kazi ile ilikuwa kubwa na iliokoa watu. Mwezi Desemba 1996, Serikali ilipotangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, watu kwa mamia ya maelfu walirudi wakipita daraja lilelile la Rusumo.

Hapa nataka tufikiri. Mtu mzima akila nusu kilo ya mahindi kwa siku hupata kalsiamu isiyofika miligramu 50. Akiongeza gramu 120 za maharage hupata nyingine 150 hivi. Mafuta ya kula hayana kitu. Jumla ni kama miligramu 200, ambayo ni moja ya tano ya mahitaji. Kwa hesabu ya nguvu za mwili mtu huyo ameshiba. Kwa hesabu ya kalsiamu, kila siku inayopita anakopa kwenye mifupa yake.

Dunia ilikwisha kujifunza kwamba posho ya kambini yaweza kushibisha na huku ikiugua. Nchini Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka kwa kukosa vitamini, baada ya karanga kukosekana katika posho yao. Katika kambi za Pembe ya Afrika kiseyeye kiliwatoa watu damu kwenye ufizi. Magonjwa hayo yalionekana, madaktari wakayahesabu, na posho ikasahihishwa. Njaa ya kalsiamu haikuhesabiwa, kwa kuwa ngozi haibabuki na ufizi hautoi damu. Pale Benaco madaktari walikuwa wanapambana na kuhara damu na malaria, na hakuna awezaye kuwalaumu kwa kutopima mifupa. Wakimbizi wenyewe walifanya walichoweza: waliuza sehemu ya mahindi yao kwa wenyeji ili wapate ndizi, mboga na dagaa. Wapo walioona kuuza posho ni utovu wa shukrani. Mimi naona mama aliyebadilisha mahindi kwa kopo la dagaa alikuwa anaijua hesabu yake kuliko aliyempangia posho.

Mtu atauliza: kama mifupa inalipa na mtu anaishi, hasara iko wapi? Hasara zipo, na naomba tuzitaje moja moja.

Hasara ya kwanza ni ya watoto. Mtoto hujenga ghala wakati huohuo analotumia. Akikosa kalsiamu, mifupa yake hubaki laini na miguu huweza kupinda, ndiyo matege. Vitabu vya Ulaya vilitufundisha kwamba matege huletwa na ukosefu wa jua, kwa kuwa huko watoto walifungiwa ndani wakati wa baridi. Kwetu jua si la kununua. Mwaka 1999 watafiti waliofanya kazi Nigeria walitangaza matokeo ya kuwatibu watoto 123 wenye matege, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mlango wa utumbo ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni cha kupita mlangoni.

Hasara ya pili ni ya uzee. Mtu anayefika umri wa miaka 60 na ghala tupu, akianguka kidogo tu huvunjika nyonga au kifundo cha mkono. Tunazoea kusema ni uzee. Mara nyingi ni deni la miaka mingi lililoiva.

Hasara ya tatu ndiyo iliyonifanya nichague mada hii, nayo ni ya wazazi wetu wa kike. Mtoto aliye tumboni huhitaji gramu kama 30 za kalsiamu ili mifupa yake iwe tayari, na nyingi ya hizo huzichukua katika miezi mitatu ya mwisho. Mama hana wa kumwomba ila chakula chake na mifupa yake. Mwaka 1980, Daktari José Belizán wa Argentina na mwenzake José Villar waliandika jambo la ajabu. Wanawake wa Kimaya wa Guatemala, ingawa walikuwa maskini, hawakusumbuliwa sana na kifafa cha mimba. Walichokuwa nacho ni desturi ya kuloweka mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mahindi yaleyale ambayo kwetu hayana kitu, kwao yalikuwa yamejaa kalsiamu.

Utafiti mwingi ulifuata. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba, chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo, homoni za mtunza ghala hupanda, na kupanda huko hukaza misuli ya mishipa midogo ya damu. Mishipa ikikazwa, shinikizo la damu hupanda. Kwa mjamzito hali hiyo huweza kuishia katika kifafa cha mimba, ambacho ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wazazi katika nchi zetu. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wajawazito wa nchi ambazo chakula kina kalsiamu kidogo wapewe vidonge vya gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku.

Ushauri huo ulikuwa mzuri, lakini vidonge vyenyewe ni vikubwa, vya kumezwa mara tatu kwa siku, na gharama yake kwa nchi maskini si ndogo. Ndipo likaulizwa swali: je, kiasi kidogo hakitoshi? Jibu lilitafutwa hapa kwetu, Dar es Salaam, na pia Bengaluru nchini India. Katika kila nchi wanawake 11,000 waliokuwa na mimba ya kwanza walishiriki; nusu walipewa miligramu 500 kwa siku na nusu 1,500. Matokeo yalitangazwa Januari 2024. Dar es Salaam, katika kila wanawake 100 waliopewa kiasi kidogo, watatu walipata ugonjwa huo unaotangulia kifafa cha mimba. Kwa waliopewa kiasi kikubwa ilikuwa 2.7. Watafiti walihitimisha kwamba kiasi kidogo hakizidiwi na kikubwa katika kuzuia ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba kidonge kimoja cha siku, ambacho wilaya maskini inaweza kukimudu, kinafaa.

Ndugu wasikilizaji, ndiyo sababu nasema kwamba historia hii si ya kuwekwa kabatini. Wahenga walisema akiba haiozi, nasi tuna mambo kadhaa yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, halmashauri za wilaya na waganga wakuu walifanye suala la kalsiamu kwa wajawazito kuwa sehemu ya mazungumzo ya kliniki, kama tulivyozoea vidonge vya kuongeza damu. Mama asijinunulie na kumeza ovyo, maana tumeona kalsiamu iliyozidi nayo ni ugonjwa, aulize kliniki. Na vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu visimezwe pamoja, kwa sababu kimoja humzuia mwenzake kuingia mwilini. Vilevile mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au anayevimba uso na mikono, aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho.

La pili, ulezi urudi shambani. Mabwana shamba waupe heshima unayopewa mahindi. Uji wa ulezi ulioloweshwa au kuoteshwa kimea kwanza ni bora zaidi, kwa kuwa kuotesha huondoa sehemu ya vitu vinavyoishika kalsiamu isiingie mwilini. Bibi zetu walijua kuotesha kimea muda mrefu kabla ya watafiti kueleza sababu yake.

La tatu ni dagaa. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria sasa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na bei yake imekuwa ikimshinda mnunuzi wa kijijini. Sina ugomvi na wafugaji wa kuku. Ila ni jambo la kufikiriwa kwamba mifupa ya dagaa inajenga maganda ya mayai ya mjini, wakati mtoto wa Rulenge anakula ugali kwa chumvi. Viongozi wanaopanga mambo ya uvuvi walitazame hilo.

La nne ni maziwa. Mipango ya kukopesha ng'ombe na kulipa ndama imekwisha kuonyesha mkoani Kagera kwamba mkulima wa migomba anaweza kufuga ng'ombe mmoja wa zizini na kumlisha majani ya kukata. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kiasi cha miaka 120 baada ya kuingia kwetu. Adui aliyetupokonya maziwa amekufa. Ni juu yetu kuyarudisha, na yaanzie kwenye kikombe cha mtoto na cha mama yake kabla ya kupelekwa sokoni.